Si Uvivu, Huenda Ni Tezi ya Shingo

Kuna neno moja ambalo katika vijiji vyetu hutoka mdomoni upesi kuliko mengine: mvivu. Mama ambaye zamani aliamka saa kumi na moja kukamua ng'ombe, na siku hizi jua linamkuta kitandani, huitwa mvivu. Msichana anayesinzia darasani huitwa mvivu. Naye mzee asiyetaka kubanduka karibu na moto huambiwa tu kwamba uzee umefika. Ni kweli wavivu wako, na uzee uko. Lakini katika kazi yetu ya kutembelea nyumba tumezoea kuuliza swali moja kabla ya kulikubali neno hilo: je, mtu huyu alikuwa hivi tangu zamani, au alibadilika? Aliyebadilika afaa kupelekwa hospitali kwanza. Lawama zinaweza kungoja.

Magonjwa yanayomchosha mtu ni mengi. Kuna upungufu wa damu, kisukari, kifua kikuu, virusi vya ukimwi, na hata huzuni ya muda mrefu. Leo tungependa kuzungumzia ugonjwa mmoja ambao wengi wetu hatuuzungumzii kamwe, nao ni kulegea kwa tezi ya shingo, yaani tezi ya thairoidi. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, dalili zake hufanana sana na tabia mbaya, hivi kwamba mgonjwa hulaumiwa miaka mingi kabla ya kutibiwa. Pili, dawa yake iko, inajulikana, na mara nyingi ni tembe moja ndogo kwa siku. Ni huzuni kubwa mtu kuteseka kwa jambo lenye dawa.

Tezi hii ni gani?

Wengine wakisikia neno tezi hufikiria tezi dume ya wazee wa kiume. Hiyo ni nyingine kabisa. Tezi tunayoizungumzia iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, na kila mtu anayo, mwanamume kwa mwanamke, mtoto kwa mzee. Umbo lake ni kama kipepeo aliyetandaza mabawa. Ni ndogo, haifiki hata uzito wa yai la kuku.

Kazi yake ni kutengeneza homoni, hasa ile iitwayo thairoksini. Homoni ni kama barua inayotumwa kupitia damu. Barua ya tezi hii hufika karibu kila sehemu ya mwili na kusema: chapeni kazi. Moyo upige, tumbo lisage chakula, ngozi ijirekebishe, akili ifikiri, mwili utoe joto. Barua zikipungua, kila idara hupunguza mwendo. Mtu hafi siku hiyo, wala haumwi mahali pamoja anapoweza kuonyesha kwa kidole. Anapoa tu polepole, kama jiko lililosahauliwa kuongezwa kuni.

Kinacholegeza tezi ni nini?

Sababu ni kadhaa. Hebu tutaje zile kubwa.

Ya kwanza ni askari wa mwili kukosea. Miili yetu ina kinga ya kupigana na vijidudu. Kwa watu wengine kinga hiyo hugeuka na kuishambulia tezi yao wenyewe, ikaiharibu kidogo kidogo kwa miaka. Daktari Mjapani aitwaye Hakaru Hashimoto ndiye aliyeueleza ugonjwa huu mwaka wa 1912, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Huwapata wanawake mara nyingi kuliko wanaume, na mara nyingi huonekana katika ukoo. Kwa hivyo kama mama yako au shangazi yako anatumia dawa za thairoidi, nawe uwe macho.

Ya pili ni ukosefu wa iodini. Tezi haiwezi kutengeneza thairoksini bila iodini, kama vile mwokaji hawezi kutengeneza mkate bila unga. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, na mja mzito karibu 250. Hicho ni kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Lakini sehemu za milima mvua huosha iodini kutoka kwenye udongo, na mboga za huko hazina ya kutosha. Tezi ikikosa iodini hujitanua ikijaribu kukamata ile kidogo iliyopo, na hapo ndipo shingo hufura ikawa rovu. Kenya iliweka sheria mwaka wa 1978 kwamba chumvi ya kula lazima itiwe iodini. Kwa sababu hiyo vijana wengi wa leo hawajaona yale marovu makubwa ambayo wazee wa milimani wanayakumbuka.

Ya tatu ni matibabu mengine. Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa rovu na kuondolewa tezi, au aliyepewa iodini yenye mionzi kwa sababu tezi yake ilikuwa ikifanya kazi kupita kiasi, mara nyingi huishia kuwa na upungufu. Dawa fulani pia huweza kulegeza tezi, kwa mfano lithiamu inayotumiwa kwa magonjwa ya akili, amiodaroni ya moyo, na baadhi ya dawa za kifua kikuu sugu. Hii haina maana kwamba uache dawa hizo! Maana yake ni kwamba anayezitumia apimwe tezi mara kwa mara.

Tena kuna akina mama ambao tezi yao hulegea katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua. Kwa wengi wao hali hii hupita, lakini wengine hubaki nayo. Basi mama mwenye mtoto wa miezi sita ambaye amechoka kupita kiasi, analia ovyo na nywele zinang'oka, asiambiwe tu ati ni mambo ya kulea.

Dalili zake ni zipi?

Ugonjwa huu hauji kwa kishindo kama malaria. Huingia kama unyevu ukutani. Dalili zinazojulikana zaidi ni hizi:

- Uchovu usioisha hata baada ya kulala usiku kucha.
- Kuhisi baridi wakati wengine wanavua sweta.
- Uzito kuongezeka kidogo ingawa mtu hali sana.
- Choo kigumu, au kukaa siku nyingi bila kwenda.
- Ngozi kavu, nywele kukatika, na nyusi kupungua upande wa nje.
- Uso kufura, hasa chini ya macho, na sauti kuwa nzito.
- Kusahau, kuwaza polepole, na kukata tamaa.
- Hedhi nyingi au isiyo na mpango, kukosa kushika mimba, au mimba kuharibika.
- Moyo kupiga polepole, misuli kuuma, na mikono kufa ganzi.

Hakuna mtu mwenye dalili zote, na kila moja yaweza kuletwa na jambo lingine. Ndiyo maana haitoshi kumtazama mtu na kuamua. Lakini ukiziona nne au tano pamoja kwa mtu ambaye zamani hakuwa hivyo, usingoje.

Tulimtembelea mama mmoja ambaye kwa misimu mitatu hakuweza kupalilia shamba lake mwenyewe. Katika chama cha akina mama alikuwa ameanza kuchelewesha mchango, na wenzake walinung'unika. Mume wake, ambaye si mtu mbaya, alikuwa amewatumia ujumbe wakwe zake waje wazungumze kuhusu binti yao. Jirani walisema amelogwa. Mhudumu wa afya ya jamii ndiye aliyegundua kwamba sauti ya mama huyu ilikuwa imebadilika, na kwamba alijifunika shuka mbili saa sita mchana. Alimwandikia barua ya kwenda hospitali. Kipimo kilipofanywa, mambo yalikuwa wazi. Hakukuwa na mchawi, wala hakukuwa na uvivu.

Ukiachwa bila kutibiwa, ugonjwa huu huongeza mafuta mabaya katika damu, ukadhuru moyo. Huleta upungufu wa damu. Na kwa nadra, hasa kwa wazee, mwili huweza kupoa kabisa: mgonjwa husinzia asiamke vizuri, huchanganyikiwa, hupumua polepole, na ukimgusa ni baridi. Mara nyingi jambo kama nimonia, baridi kali, dawa za usingizi au kuacha tembe ndilo humsukuma huko. Hiyo ni dharura. Asipewe dawa za kulala nyumbani. Akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo.

Hupimwaje?

Kipimo ni cha damu. Kikubwa huitwa TSH, na tungependa msomaji akielewe kwa sababu majibu yake huchanganya watu. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine ndogo ambayo ni kama nyapara wa shamba. Tezi ya shingo ni kibarua. Kibarua akifanya kazi vizuri, nyapara huongea kwa sauti ya kawaida. Kibarua akilegea, nyapara hupaza sauti. Sasa hiyo TSH ni sauti ya nyapara. Ndiyo maana katika ugonjwa huu TSH huwa juu, si chini. Watu wengine huona nambari kubwa wakafikiri tezi yao ina nguvu nyingi, kumbe ni nyapara anayepiga kelele kwa kibarua aliyelala.

Maabara nyingi huhesabu TSH ya kati ya karibu 0.4 na 4 kuwa ya kawaida kwa mtu mzima. Ikiwa juu, daktari huagiza kipimo cha pili cha thairoksini yenyewe. TSH ikiwa juu na thairoksini iwe chini, ugonjwa umethibitika. TSH ikiwa juu kidogo tu na thairoksini iwe ya kawaida, mara nyingi daktari husema tungoje, tupime tena baada ya miezi michache. Usikasirike ukiambiwa hivyo. Si kila nambari iliyopanda hutaka dawa. Kwa mja mzito, hata hivyo, hukumu ni tofauti, na tutalifikia jambo hilo.

Zahanati ndogo nyingi hazifanyi kipimo hiki. Omba barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa, na uulize bei mapema ili jamaa wajipange.

Tembe ndogo na historia yake

Mwaka wa 1891 katika mji wa Newcastle, Uingereza, daktari mmoja kijana aitwaye George Murray alichukua tezi za kondoo, akatoa maji yake, akamdunga mama wa miaka 46 aliyekuwa amefura na kulegea kwa ugonjwa huu. Wakati huo haukuwa na tiba. Mama yule alipata nafuu, akaendelea na dawa hiyo ya kondoo, baadaye kwa kuinywa, akaishi miaka mingine 28 hadi akafa mwaka wa 1919 akiwa na miaka 74. Inahesabiwa kwamba dawa yake ilitoka kwa kondoo zaidi ya 870.

Hatuhitaji tena kondoo. Thairoksini ilitolewa ikiwa safi na Mmarekani Edward Kendall siku ya Krismasi mwaka wa 1914, na mwaka wa 1927 Charles Harington wa Uingereza akafaulu kuitengeneza katika maabara. Tembe ya leo huitwa levothairoksini. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Haimtii mtu kitu kigeni. Humrudishia tu kile ambacho tezi yake imeshindwa kutoa.

Kiasi hupangwa na daktari. Mtu mzima ambaye tezi yake imeacha kazi kabisa huhitaji karibu mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito, kwa hivyo mtu wa kilo 60 huishia karibu na mikrogramu 100 kwa siku. Wazee na wenye ugonjwa wa moyo huanzishwa kwa kiasi kidogo, pengine mikrogramu 25 au chini, ili moyo usishtuliwe. Kwa sababu hiyo usimkopeshe jirani tembe zako, hata kama ugonjwa ni mmoja. Zinazokufaa wewe zaweza kumdhuru yeye.

Namna ya kuimeza

Hapa ndipo wengi hukosea, na kosa lenyewe mara nyingi liko katika kikombe cha chai. Tembe hii ni mwoga. Ikikutana na chakula tumboni haiingii vizuri katika damu.

1. Imeze asubuhi kabla ya kula, kwa maji matupu. Si kwa chai ya maziwa, wala kahawa, wala uji.

2. Ngoja nusu saa hadi saa nzima, ndipo unywe chai. Mwenye kukamua ng'ombe na ameze anapoamka. Akimaliza kukamua, saa yake ya chai imefika.

3. Tembe za kuongeza damu zenye chuma, za kalsiamu, na dawa za kutuliza kiungulia, zikae mbali nayo kwa saa 4.

4. Imeze kila siku kwa wakati ule ule. Ukisahau asubuhi, imeze siku hiyo ukikumbuka.

5. Weka pakavu, pasipo joto wala jua. Si juu ya jiko, wala si dirishani.

6. Mwambie daktari dawa zako zingine zote. Dawa za kifafa kama fenitoini, na rifampisini ya kifua kikuu, huweza kumaliza tembe hii mwilini upesi, na kiasi kikahitaji kuongezwa.

Usitarajie muujiza kesho asubuhi. Nafuu huanza baada ya wiki mbili au tatu, na nyingine, kama nywele na ngozi, huchukua miezi. Damu hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8, kiasi kirekebishwe, na TSH ikishatulia, kupimwa mara moja kwa mwaka huwatosha wengi. Ukiona moyo unadunda mbio, mikono inatetemeka, unatoka jasho na unakonda upesi, huenda kiasi kimezidi. Rudi kliniki. Na wale wanaomeza tembe hizi ili wapunguze unene bila kuwa wagonjwa wanacheza na moyo na mifupa yao.

"Mimi nimepona"

Yule mama tuliyemtaja alianza tembe, na baada ya miezi mitatu alikuwa akipalilia. Wakwe walikuja, lakini walikuja kunywa chai. Mwaka uliofuata aliacha dawa. Tulipomuuliza, jibu lake lilikuwa la akili kabisa: "Si nilimaliza dozi? Mimi nimepona." Tena wenzake katika kikundi cha maombi walikuwa wamemwambia kwamba kuendelea na tembe ni kukosa imani.

Tumezoea malaria. Unameza dozi, unaisha ugonjwa, unasahau. Tezi iliyoharibika haiko hivyo. Tembe haiponyi tezi. Inafanya kazi ya tezi. Kuiacha kwa sababu unajisikia vizuri ni kama kung'oa nguzo kwa sababu paa halijaanguka. Isipokuwa daktari amesema hali yako ni ya kupita, kama ile ya baada ya kujifungua, hesabu kwamba ni dawa ya maisha.

Na kuna udanganyifu mmoja hapa. Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu. Baada ya wiki moja bila kumeza, karibu nusu yake bado imo. Kwa hivyo anayeacha hahisi lolote siku za kwanza, naye husema: mnaona? Ugonjwa hurudi kama ulivyokuja mara ya kwanza, polepole, na anayeurudiwa ndiye wa mwisho kujua. Mama huyu alirudishwa kliniki na mume wake, safari hii bila kuwaita wakwe.

Kuhusu imani, sisi tunaofanya kazi chini ya kanisa hatuwezi kudharau sala. Lakini hatujui andiko linalosema mgonjwa asimeze dawa. Anayeombewa aombewe, na asubuhi ameze tembe yake.

Waja wazito

Mtoto tumboni, katika miezi mitatu ya kwanza, hana tezi yake inayofanya kazi. Hutegemea homoni ya mama, na ubongo wake unajengwa kwa homoni hiyo. Mama akipungukiwa sana bila kutibiwa, mimba huweza kuharibika, mtoto kuja kabla ya siku, au shinikizo la damu kupanda vibaya.

Kwa hivyo mwanamke anayetumia tembe hizi asiziache akishika mimba, kwa kuogopa ati zitamdhuru mtoto. Ni kinyume chake. Mahitaji huongezeka, mara nyingi kwa karibu robo au theluthi, na huongezeka mapema. Akikosa hedhi, aende kliniki mara moja. Asingoje mimba ionekane. Hupimwa karibu kila wiki 4 katika nusu ya kwanza ya mimba. Na zile tembe za chuma anazopewa kliniki ya waja wazito azimeze jioni, za tezi asubuhi, ili zisigombane tumboni. Wakati wa kunyonyesha tembe haina ubaya kwa mtoto.

Watoto wachanga

Jambo hili ndilo linalotuuma zaidi. Katika kila watoto 2,000 hadi 4,000 wanaozaliwa, mmoja huzaliwa na tezi isiyofanya kazi, au bila tezi kabisa. Siku ya kwanza huonekana mzima, kwa sababu bado ana homoni kidogo kutoka kwa mama. Akianza dawa katika wiki mbili za kwanza, kwa kawaida hukua na akili zake kama wenzake. Akichelewa miezi, akili iliyopotea hairudi, na hakuna pesa itakayoirudisha.

Katika nchi tajiri kila mtoto hutobolewa kisigino siku chache baada ya kuzaliwa, tone la damu likapimwa. Kwetu hospitali nyingi hazifanyi hivyo kwa kila mtoto. Kwa hivyo macho ya mama na ya nyanya ndiyo kipimo cha kwanza. Uliza kuhusu tezi ikiwa mtoto mchanga:

- Ana umanjano unaozidi wiki mbili.
- Ananyonya kwa uvivu na kulala mno, hivi kwamba watu humsifu ati ni mtoto mtulivu.
- Ana choo kigumu, kitovu kilichotokeza, au ulimi mkubwa.
- Kilio chake ni kizito kama cha mtu mwenye mafua, na mwili wake ni baridi na mlegevu.

Tembe yake husagwa, ikachanganywa na matone ya maziwa ya mama au maji, akanyweshwa kwa kijiko kila siku. Mtoto mtulivu kupita kiasi si baraka ya kunyamazia. Mpeleke apimwe.

Chumvi na vyakula

Nunua chumvi iliyoandikwa kwamba ina iodini. Iweke katika chombo chenye kifuniko, mbali na moto na unyevu, na uitie chakula kinapokaribia kuiva, maana iodini hupotea. Hakuna haja ya kuzidisha chumvi. Kidogo chatosha, na nyingi hupandisha shinikizo la damu. Wala mtu asinywe iodini ya kupaka vidonda. Iodini nyingi mno nayo hulegeza tezi.

Wengi hutuuliza kama waache kabeji, sukuma wiki na muhogo. Vyakula hivi huweza kuizuia tezi mahali ambapo iodini ni haba na watu hula kimoja hicho kila siku. Hayo yalichunguzwa katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, huko Kongo, ambako muhogo mwingi na iodini kidogo vilienda pamoja na marovu mengi. Kwa mtu anayepata chumvi yenye iodini na kula mchanganyiko, mboga hizo si adui. Lakini yule ambaye tezi yake imeshaharibiwa na kinga ya mwili, chumvi peke yake haitamponya, wala zile chupa zinazouzwa sokoni kwa kipaza sauti ati husafisha tezi. Yeye anahitaji tembe.

Tufanye nini basi?

Vikundi vyetu vina nguvu kuliko tunavyofikiri. Katika mkutano ujao wa chama au wa jumuiya, soma orodha ya dalili kwa sauti. Kila mmoja afikirie mtu anayemjua aliyebadilika. Asiende kumtangaza, aende kumsalimia, amsikilize, na ajitolee kumsindikiza hospitali. Ambaye hana nauli wala pesa za kipimo, hilo ndilo jambo la kuchangiana. Kwa anayetumia tembe tayari, awepo mtu mmoja nyumbani wa kumuuliza: umemeza? Zimebaki ngapi? Zisiishe ndipo mkakumbuka. Nendeni dukani zikibaki za wiki mbili. Na mkunga yeyote anayemwona mtoto wa manjano na mlegevu asiseme tutaona mwezi ujao. Kwa mtoto huyo mwezi ujao ni mbali sana.